Kibao cha Konstebo Mwinyimvua

Sajini Isidori alipiga hodi mara tatu ndipo akajibiwa, na hata alipojibiwa hakukaribishwa ndani. Nyumba ilikuwa na mjane wa siku tisa. Bi Sitara, mama mkwe wa mjane huyo, alimtolea kigoda barazani, na mjane mwenyewe, Siti, akaja kukaa nyuma ya pazia la mlango wa chumba chake ili ajibu akiulizwa. Mtaa wa Sikukuu una mambo mengi usiyoyaheshimu, lakini eda unaiheshimu.

"Shikamoo mama," alisema sajini, akavua kofia.

"Marahaba, mwanangu. Starehe."

Isidori alikuwa Mchaga wa Kibosho, mtu mnene, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko askari wote wa kituo chake. Aliyekufa, mume wa Siti, alikuwa konstebo wa kituo hicho na rafiki yake. Siku ile sokoni Kariakoo mchukuzi mmoja aliyelewa alinyakua kisu cha mchinjaji akaanza kumwendea mama muuza ndizi, na konstebo akaingia kati akiwa na rungu na filimbi tu. Filimbi ililia sana. Isidori ndiye aliyefika wa kwanza, na alifika amechelewa.

"Nimekuja kwa heri kidogo," alisema. "Serikali ina fungu la mjane wa askari aliyefia kazini. Si kubwa, lakini lipo. Na Bwana Mkubwa ameagiza kibao cha shaba. Kitapigwa ukutani kituoni, kina jina lake, na tarumbeta italia."

"Tarumbeta itamfaa nini?" aliuliza Bi Sitara.

"Watu watamkumbuka, mama."

Sajini akatoa karatasi ndefu, akalowesha ncha ya kalamu kwa ulimi, akamgeukia Siti penye pazia. "Mama Sophia, wanataka hati yako ya ndoa."

Mkono ulitoka chini ya pazia na karatasi iliyokunjwa mara nne. Isidori akaikunjua, akaisoma. Akaisoma tena. Akainua uso akaonekana kama mtu aliyepewa chenji pungufu na anaona haya kusema.

"Mama Sophia, hii si yako."

"Ni yangu."

"Inasema Siti binti Sadalla ameolewa na Abbasi bin Zahoro. Mimi naandika habari za Konstebo Mwinyimvua bin Zahoro."

Upande wa pili wa baraza alikuwako mwanamume wa miaka arobaini hivi, mkono unanuka mafuta ya samaki, amekaa kitako anasuka kikapu chake kilichofumuka. Akaacha kusuka.

"Mlipokuwa mkimwita Abbasi," sajini aliendelea polepole, "mimi nilidhani ni jina la nyumbani. Hata siku ya maziko nilimsikia mwalimu akimwita kaburini, ewe Abbasi mwana wa Sitara. Nikasema, hao wenzetu Waislamu ndivyo wanavyofanya."

"Si jina la nyumbani," alisema Bi Sitara. "Ndilo jina nililompa." Akamwonyesha kwa kidevu yule mwenye kikapu. "Mwinyimvua ndiye huyu."

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, na nani katika mji huu hajalifanya? Mwaka wa arobaini na nane polisi walikuwa wakitaka vijana waliomaliza darasa la nne. Abbasi alikuwa na kifua, ana mbio, ana moyo, lakini alisoma chuo cha Kurani tu. Kaka yake Mwinyimvua alikuwa na cheti cha darasa la nne kilichokaa sandukuni bila kazi, maana kukaanga samaki Feri hakuhitaji cheti. Akampa mdogo wake. Ndivyo ndugu wanavyofanya, hupeana kanzu, hupeana viatu, wakapeana na cheti. Abbasi akaenda akaitwa Mwinyimvua kwenye gwaride, akawa Mwinyimvua kwenye mshahara, na jioni akivua kaptura akawa Abbasi. Miaka minane mambo yalikwenda vizuri kabisa.

"Miaka minane nimelala naye lindo moja," alisema Isidori. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na uchungu wa mtu aliyefichwa. "Asiniambie."

"Angekwambia ungemficha?" aliuliza Mwinyimvua.

Sajini alimgeukia mama. "Nikiandika kweli, watasema Serikali haikumwajiri Abbasi, basi na Abbasi hakuifia Serikali. Hakuna fungu, hakuna kibao. Na huyu mwenye cheti atafungwa."

"Na usipoandika?"

"Asiye na hati ya ndoa, mzazi wa marehemu huja ofisini akaapa. Anamtaja mwanawe aliyekufa, anamtaja mke aliyeachwa, anatia dole gumba. Mna siku kumi na nne." Aliikunja hati mara nne kama ilivyokuwa, akairudisha chini ya pazia. "Hii mimi sikuiona."

*

Chumba walichopanga kililipiwa kwa mshahara wa konstebo, na unga ulinunuliwa kwa mshahara wa konstebo. Siti alikuwa hodari wa vitumbua, lakini mwanamke aliye edani hakai njiani akauza vitumbua. Angekaa ndani miezi minne na siku kumi, yeye na Sophia wa miaka mitatu, na mwenye nyumba alikwisha pita mara moja kutoa pole na mara ya pili kuuliza. Kwao Siti hakukuwa na mtu. Kwa Mwinyimvua, huko Magomeni, kulikuwa na watoto sita na vyumba viwili. Mambo yalikuwa hayo. Fungu la Serikali lilikuwa ndilo fungu pekee duniani.

Siku ya tatu Zamda, mke wa Mwinyimvua, alikuja kutoka Magomeni kwa miguu. Hakukaa.

"Mama," alisema, "nimesikia mnataka kumwua mume wangu."

"Nani amwue? Ni maneno ya ofisini."

"Maneno ya kuapia msahafu si ya ofisini. Mama mzazi ashike msahafu aseme mwanangu fulani amekufa, na fulani yuko Feri anageuza vibua? Mwataka kunikalisha eda mume wangu yu hai?"

Mwinyimvua alikuwa amesimama uani, anatazama chini. Si kwamba alikuwa mwoga. Alikuwa ametoa cheti kwa moyo mmoja, na angetoa samaki wake wote vilevile. Lakini jina kutajwa katika wafu ni jambo jingine. "Mama," alisema, "ukilitaja, limekwenda. Mimi nitaitwa nani?"

"Utaitwa mwanangu."

"Nina miaka arobaini na mmoja, mama."

Nyuma ya pazia Siti alisikia yote. Maneno yalikuwa kinywani mwake, mama usiende, acha tufe njaa. Aliyashika pale kinywani mpaka Zamda akaondoka na kikohozi cha Bi Sitara kikatulia. Hakuyasema. Sophia alikuwa amelala mapajani kwake na tumbo la mtoto lilikuwa likinguruma usingizini. Anayetaka kumlaumu Siti na amlaumu, lakini kwanza alale na mtoto wa hivyo.

*

Ofisini Bi Sitara aliambiwa avue ndara zake mlangoni, akavua, ingawa watu wengine waliingia na viatu. Alikaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa sita. Isidori alimletea maji mara mbili. Mara ya pili karani akamwuliza sajini kama siku hizi amekuwa mtumishi wa vikongwe, na wenziwe wakacheka.

Mzungu alikuwa kijana, shingo nyekundu kwa jua, na alisimama bibi alipoingia, jambo lililomshangaza karani kuliko Bi Sitara. Alisema maneno. Karani akayatafsiri: Serikali inasikitika, mwanao alikuwa shujaa.

"Ahsante," alisema Bi Sitara.

Wakamwekea msahafu mezani. Alikuwa ametawadha nyumbani, akatawadha tena bombani nje. Aliweka mkono.

"Sema," karani alimwambia. "Naapa kwamba askari aliyekufa sokoni ni mwanangu wa kuzaa."

Akasema. Sauti haikutetemeka, maana hilo lilikuwa kweli tupu.

"Taja jina lake."

"Mwanangu."

"Jina, bibi."

"Mwanangu niliyemzaa. Alikuwa na kovu gotini, alianguka mnazini."

"Bibi, Serikali haiandiki kovu. Jina."

Isidori alikuwa amesimama kando ya mlango, anatazama dari. Bi Sitara akamtazama, akaona hapo hakuna msaada. Alifikiri juu ya Mwinyimvua siku aliyozaliwa, mvua ilivyonyesha siku tatu ikabomoa jiko, ikawa babake ndiye aliyechagua jina. Alifikiri juu ya Sophia. Akafumba macho, akasema, "Mwinyimvua bin Zahoro. Amekufa. Amemwacha mke, Siti binti Sadalla."

Karani akaandika. Akamshika kidole gumba akakibonyeza kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi, akakiachia. Hakumpa kitambaa. Bi Sitara alikwenda na kidole kimekunjwa ndani ya kanga mpaka nyumbani, na alipofika alikisugua kwa majivu hata ngozi ikachubuka. Mwinyimvua alipokuja jioni na samaki wawili wa mama, kama desturi yake, mama alifungua mdomo amwite, akaufunga.

"Ingia, baba," alisema.

Tangu siku hiyo akawa anamwita baba, na Mwinyimvua akawa anaelewa.

*

Fungu lilitoka mwezi wa pili wa eda. Lilimlipa mwenye nyumba, likamlipa mwenye duka, likanunua gunia la mchele na sufuria mpya ya vitumbua ya kungoja eda iishe. Halikukawia kuwa dogo. Fedha za maiti hazina baraka, watu husema, lakini ukweli ni kwamba zilikuwa chache.

Kibao kilipigwa ukutani mwezi wa tatu. Siti hakuweza kwenda. Bi Sitara alisema miguu inamwuma. Mwinyimvua alikwenda peke yake, akajichanganya na watazamaji nje ya ua wa kituo. Askari walijipanga, tarumbeta ikalia, na Mzungu mwenye shingo nyekundu akasoma jina. Mwinyimvua alijiona anavua kofia yake ya viua. Mtu wa pembeni akamwuliza kama alimjua marehemu, akasema kidogo.

Feri siri haikai. Siku mbili tu, wakaangaji wenziwe walikuwa wakimwita marhumu. "Marhumu, nipe kibua." "Marhumu, huko kuzimu mafuta bei gani?" Alicheka nao. Ukiwakasirikia watu wa Feri ndiyo watakufuata mpaka nyumbani.

Aliyemkasirikia ni askari wa kodi. Asubuhi moja wawili walipita Feri wakidai risiti za kodi ya kichwa, mmoja wao konstebo mpya, mrefu, ambaye majuma matatu tu nyuma alisimama chini ya kile kibao amebeba bunduki. Alipokea risiti ya Mwinyimvua, akaisoma kwa sauti, akamtazama.

"Umeipata wapi?"

"Ni yangu."

"Mwinyimvua bin Zahoro ni ndugu yetu, alikufa akiwa kazini. Unaiba hata karatasi ya marehemu?"

Alimpiga kofi moja mbele ya wateja. Mtu asiyelia kwa kisu aweza kulia kwa kofi la namna hiyo, na Mwinyimvua machozi yalimtoka. Alilala mahabusu siku mbili. Hakuweza kusema mimi ndiye, kwa maana kusema hivyo ni kumpeleka mama yake kizimbani kwa kiapo cha uongo. Alisema aliiokota. Akatozwa faini, na faini ikatoka kwenye fungu.

Isidori ndiye aliyemtoa. Walitembea pamoja mpaka Mnazi Mmoja, ndipo sajini akasema, "Jina hilo usilitumie tena. Ukikamatwa mara ya pili mimi sina la kufanya. Tafuta jina lingine lenye karatasi yake."

"Majina yana karatasi wapi, afande?"

"Ipo moja. Sikuiona, lakini ipo."

*

Siti alikuwa amebakisha siku kumi na moja kutoka edani. Alisikia kikohozi cha shemeji yake upande wa pili wa pazia.

"Shemeji, habari za ndani?"

"Nzuri. Pole kwa yaliyokupata."

"Nimeshapoa. Shemeji, nipe hati yako ya ndoa."

Siti alijua tangu aliposikia kikohozi. Hati ilikuwa chini ya godoro, upande aliokuwa akilala Abbasi.

"Ndiyo karatasi pekee yenye jina lake," alisema.

"Najua."

"Utanirudishia?"

"Nitakuwa natembea nayo. Nitajiandikisha ofisi ya kodi kama mgeni wa kutoka Kisiju. Wakiniuliza mimi nani, nina kitu cha kuwaonyesha. Nikiiacha nyumbani watanishika tena. Mimi sikulitaka jina lake, Siti. Nilimpa langu."

"Zamda anasemaje?"

"Anasema karatasi inasema mimi ni mume wako. Amehamia chumba cha watoto."

Siti angeweza kukataa. Alikuwa na haki ya kukataa, na shemeji yake angeondoka bila kumlaumu, angekwenda Feri bila risiti, siku moja angekamatwa. Watoto sita. Alitoa hati chini ya godoro, akaikunjua, akaitazama ingawa hajui kusoma. Mwalimu alimwonyesha siku ya ndoa: hapa wewe, hapa yeye. Akaweka kidole pale kwenye yeye. Kisha akaikunja mara nne akaipitisha chini ya pazia, mahali palepale alipoipitishia siku ya tisa.

Juma lile lile jina la Abbasi bin Zahoro liliandikwa kwenye risiti ya kodi, likaandikwa na kwenye leseni ya kukaanga samaki. Siku moja kabla ya eda kwisha mlango wa uani ulipigwa hodi, na Sophia akauliza nani. Mtoto wa jirani aliyetumwa kuleta samaki akasema kwa sauti kubwa, "Samaki wa Abbasi!" Siti alikuwa amekwisha simama na kushika pazia kabla hajakumbuka.

*

Alipotoka edani walimsomea marehemu khitma. Walialika watu ishirini wakaja kumi na wawili. Mwalimu aligawa juzuu, wanaume wakakaa barazani na kumbini, wanawake uani. Isidori alikuja na sukari ratili nne, akakaa nje kabisa, karibu na mfereji, kofia gotini.

Juzuu zilipokwisha Mwalimu akainua mikono kwa ajili ya dua, halafu akainama upande wa Mwinyimvua na kunong'ona kama desturi, japokuwa alijua. Wazee huuliza hata wanayoyajua. "Marehemu jina lake nani?"

Mwinyimvua alinong'ona, "Mwalimu, usimtaje Abbasi. Abbasi sasa ni mimi. Nitajisikiaje niombewe kaburini nami nimekaa hapa?"

"Basi nimtaje kwa jina la kibao?"

"Hilo nalo ni langu."

Mwalimu alitazama juu, mikono ingali imeinuliwa, na watu nao mikono imeinuliwa, wanangoja. "Nitasema kama nilivyosema kaburini, ila bila jina. Mwana wa Sitara."

"Mwalimu," alisema Mwinyimvua kwa sauti iliyofika uani, "wana wa Sitara ni wawili."

Uani Bi Sitara alikuwa amekaa juu ya mkeka, ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, na kile kidole gumba chake kilikuwa ndani ya ngumi. Siti alimtazama, akingoja aseme jina. Aliyelitoa jina ni yeye, yeye pekee ndiye angeweza kulirudisha. Bi Sitara alitikisa kichwa.

Basi Mwalimu akamwombea marehemu wa nyumba hii. Alimwombea vizuri, kwa sauti nzuri, hata wengine wakalia. Lakini nyumba ile imekufiwa na watu wengi tangu ijengwe, wapangaji na wenye nyumba, na dua ile ingeweza kuwa ya yeyote kati yao. Wakaleta pilau wakala.

*

Kesho yake Siti alivaa kanga safi, akamwacha Sophia kwa bibi yake, akaenda kituoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutembea mjini tangu kufiwa, na jua lilimwumiza macho. Alikuwa hajakiona kibao. Kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani, upana wa sinia, kimesuguliwa kinang'aa, na chini yake mtu ameegemeza baiskeli.

Konstebo mmoja mrefu alikuwa zamu getini. Alimwona mwanamke amesimama muda mrefu, akamkaribia.

"Nikusaidie nini, mama?"

"Nataka unisomee."

Akasoma. Konstebo Mwinyimvua bin Zahoro, na tarehe, na kwamba alikufa akitimiza wajibu wake. Siti akamwuliza jina liko wapi hasa, konstebo akamwonyesha kwa kidole. Siti akaweka kidole chake hapo. Shaba ilikuwa ya moto kwa jua.

"Alikuwa nani wako?" konstebo aliuliza, kwa upole.

Siti alitafuta jibu la kweli. Alilitafuta kweli kweli.

"Shemeji yangu," alisema.

"Pole, mama," alisema konstebo. Akaondoa ile baiskeli ukutani kwa heshima, akairudisha Siti alipokwisha kuondoka.